Kutoka mtunza stoo hadi meneja wa ghala: njia ni ipi hapa Uganda?

Mtunza Stoo, Tororo

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni dada ninayetunza stoo katika ghala la vifaa vya ujenzi hapa Tororo. Ninapokea saruji, mabati na nondo, ninajaza kadi za stoo, ninatoa mzigo kwa hati iliyotiwa sahihi na ofisi, na kila mwisho wa mwezi ninashiriki kuhesabu mali yote iliyomo. Mwenye ghala ananiamini kiasi cha kuniachia funguo anaposafiri kwenda Kampala, lakini cheo changu ni kilekile cha siku niliyoajiriwa, na sioni ngazi yoyote juu yangu isipokuwa yeye mwenyewe.

Nia yangu ni kuwa meneja wa ghala, na ninaposema ghala ninamaanisha lile lenye mamia ya aina za bidhaa, milango kadhaa ya kupakia na kupakua, foklifti, na watu wanaofanya kazi kwa zamu. Nimekuwa nikifuatilia matangazo ya kazi za namna hiyo. Karibu yote yanataka shahada ya ununuzi na ugavi au ya lojistiki, na juu ya hapo yanataka miaka kadhaa ya uzoefu wa usimamizi. Mimi nina cheti cha uhasibu nilichosomea baada ya kidato cha sita. Sielewi mtu anapataje uzoefu wa kusimamia ghala kabla hajapewa ghala la kusimamia.

Naomba wenye kazi hii wanieleze ilivyo hasa, maana ninayoyaona kwa tajiri wangu ni kujadiliana bei na wateja, na siamini kwamba umeneja ni hilo tu. Naomba pia mnishauri kama nianze na masomo au nitafute kwanza nafasi katika ghala kubwa zaidi. Na kuna jambo jingine ambalo ninauliza kwa uzito uleule: wapagazi ninaofanya nao kazi ni wanaume walionizidi umri, na baadhi yao hunisikiliza pale tu tajiri anapokuwapo. Je, mwanamke anaongozaje ghala la namna hiyo?


Meneja wa Ghala, Namanve

Dada, nimeongoza maghala ya bidhaa za matumizi ya nyumbani katika eneo la viwanda la Namanve kwa muda mrefu, na miongoni mwa niliowaajiri wamo wengi waliotoka katika stoo kama hiyo yako. Nitaanza na suala la uzoefu kwa sababu ndilo linalowavunja moyo vijana wengi bila sababu ya kutosha. Tangazo linapotaja uzoefu wa usimamizi halimaanishi kwamba lazima uwe umekwisha kuitwa meneja. Linamaanisha kwamba uwe umebeba dhamana ya mali na ya watu, na kwamba uweze kuonyesha matokeo yake kwa maandishi. Katika ghala kubwa kuna nafasi za katikati kati ya mtunza stoo na meneja: msimamizi wa mapokezi, msimamizi wa upakiaji, msimamizi wa zamu, na karani wa udhibiti wa stoo. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayokuhimiza uitafute, hasa kwa kuwa una cheti cha uhasibu. Karani wa udhibiti hushinda akilinganisha kilichomo kwenye rafu na kilichoandikwa kwenye mfumo, na kila tofauti anayoikuta humpeleka kwenye chanzo chake, iwe ni mzigo uliopokewa bila kuhesabiwa, katoni iliyowekwa kwenye rafu ya jirani, hati iliyoingizwa mara mbili, au mkono wa mtu. Akiifanya kazi hiyo mwaka mzima atalifahamu ghala kuliko mtu aliyekaa miaka mingi kwenye mlango mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Uganda haina bandari ya bahari. Sehemu kubwa ya bidhaa zetu hutoka Mombasa, umbali wa kama kilomita 1,170 hadi Kampala, zikipitia Malaba au Busia, na nyingine hutoka Dar es Salaam zikipitia Mutukula. Kwa sababu hiyo mzigo haufiki kwa ratiba unayoitaka wewe. Mlango unaweza kukaa mtupu siku kadhaa, kisha makontena manne yakafika alfajiri moja kwa kuwa foleni ya mpakani imefunguka. Kampuni ya meli hutoa siku chache tu za kukaa na kontena lake bila malipo, na zikipita, kila siku ina gharama yake. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya mita za ujazo kama 33. Likija na paleti, yaani majukwaa ya mbao ya kupangia mzigo, za mita 1.2 kwa mita 1, zinaenea 10 kwenye sakafu yake, na foklifti inazitoa kwa muda mfupi. Likija na katoni zilizopangwa moja moja hadi karibu na dari, unahitaji kundi la wapagazi na saa nyingi. Meneja ndiye anayepaswa kujua mapema ni kontena gani liko mpakani, limepakiwaje, litashushwa mlango gani, na nafasi ya kuweka mzigo wake itapatikana wapi. Akianza kuuliza hayo gari likiwa getini, amekwisha kuchelewa.

Baada ya mapokezi ni kumbukumbu, na hapa ndipo kazi ya umeneja inapolalia. Tajiri, mkaguzi, benki na mteja wote wanataka jambo moja kutoka kwako: uthibitisho kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Usahihi huo hupimwa. Chukua mahali 200 pa kuwekea bidhaa, hesabu kilichopo, kisha linganisha na kumbukumbu. Pakilingana 194, usahihi wako ni asilimia 97. Kiwango hicho kinaweza kumpendeza asiyejua, lakini maana yake ni kwamba mteja aliyeagiza bidhaa za aina mia moja anaweza kuambiwa tatu hazipo baada ya kuahidiwa kwamba zipo. Maghala yanayoendeshwa vizuri hayangoji mwisho wa mwaka ili kuhesabu. Huhesabu sehemu ndogo kila siku, na bidhaa za thamani kubwa au zinazotoka haraka hurudiwa mara nyingi kuliko nyingine.

Niongeze jambo ambalo limebadilisha hadhi ya kazi yetu hapa nchini. Tangu Januari 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani wanatakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, na mfumo huo unataka idadi ya bidhaa iwe imeingizwa kabla bidhaa hizo hazijauzwa. Mapokezi yasipoingizwa, ankara haitoki, hata kama mzigo uko mbele ya macho yako na gari la mteja linangoja. Kosa la stoo ambalo zamani lingegunduliwa mwisho wa mwaka sasa linaonekana siku hiyohiyo katika mauzo na katika kodi. Ninaona kwamba wakurugenzi waliolichukulia ghala kuwa chumba cha nyuma wameanza kumwita meneja wake kwenye vikao, na ninaliona hilo kuwa jambo jema sana kwa vijana wanaoingia sasa.

Kuhusu wapagazi, heshima katika ghala hujengwa kwa utaratibu ambao kila mtu anauona. Kazi igawanywe kabla gari halijafika, idadi iliyoshushwa ihesabiwe mbele yao, na malipo yao yasicheleweshwe wala yasikatwe bila maelezo. Zijue pia haki zao. Kanuni za Ajira za 2011 haziruhusu mtu abaki kibarua kwa zaidi ya miezi minne; baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Wewe ukiwa ndiye uliyemwendea tajiri kuwadaia glovu na barakoa za vumbi la saruji, hawatangoja awepo ndipo wakusikilize. Nimefanya kazi na wanawake walioongoza zamu za usiku kwa utulivu kabisa, na walichokuwa nacho wote ni kwamba neno lao la asubuhi lilikuwa lilelile la jioni.


Afisa Ajira, Kampala

Ninakubaliana na ndugu wa Namanve katika mengi, lakini nisingependa dada aondoke akiamini kwamba shahada inaweza kusubiri bila hasara. Tangazo moja la kampuni kubwa huleta maombi mengi mno, na mchujo wa kwanza hufanywa kwa kuangalia vyeti. Barua yenye uzoefu mzuri bila shahada wala diploma mara nyingi haifiki mezani kwa mtu ambaye angeielewa.

Kwa hiyo anza masomo sasa, huku ukiendelea na kazi. Chuo cha Biashara cha Makerere kilichopo Nakawa, MUBS, kinafundisha ununuzi na ugavi, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha ununuzi na lojistiki. Kama ulipata alama kuu mbili katika mtihani wa kidato cha sita, unaweza kuomba shahada moja kwa moja. Kama hukupata, diploma itakufungulia mlango wa kuingia shahada baadaye, na aliyetimiza miaka 25 anaweza kufanya mtihani wa kuingilia wa watu wazima. Cheti chako cha uhasibu hakijapotea bure, kwa sababu meneja wa ghala asiyeweza kusoma thamani ya mali anayoitunza huishia kuwa mlinzi wa mlango. Jambo moja nakusihi: usilipe ada ya kozi yoyote fupi inayokuahidi kazi baada ya wiki chache. Fedha hiyo iweke kwenye diploma inayotambulika, na muda wa jioni uutumie kuijua Excel vizuri, kwa kuwa hata maghala yenye mifumo ya gharama kubwa huandaa ripoti zake huko.


Mtumishi wa Bohari ya Dawa, Entebbe

Dada yangu wa Tororo, naomba nikuonyeshe upande mwingine ambao watu wa biashara huusahau. Ghala si la sabuni na saruji peke yake. Bohari Kuu ya Dawa ya Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1993, inapeleka dawa katika vituo vya afya vya serikali nchi nzima, na Joint Medical Store ya Nsambya, iliyoanzishwa mwaka 1979 na ofisi za tiba za Kanisa Katoliki na la Kiprotestanti, inahudumia hospitali za kanisa na nyingine nyingi. Zaidi ya hizo, kila hospitali ya wilaya ina stoo yake, na yapo mashirika yanayotunza chakula, mablanketi na mahema kwa ajili ya makambi ya wakimbizi kama Nakivale na Bidibidi. Kwa mtu anayetaka kujifunza nidhamu ya ghala, sijui shule bora kuliko hizi.

Katika stoo ya dawa kila kitu kina kipimo. Katoni hukaa angalau sentimita 10 juu ya sakafu na sentimita 30 kutoka ukutani, na hazipangwi kupita mita 2.5 kwenda juu, ili hewa ipite, unyevu usipande, na aliye chini asiangukiwe. Kinachotoka kwanza ni kile ambacho muda wake wa matumizi unakwisha kwanza, hata kama kimeingia jana. Wengi wanaotoka kwenye bidhaa za kawaida hupata shida hapo, kwa sababu wamezoea kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Watu wanaogopa joto, na ni kweli umeme ukikatika jenereta lazima iwake, lakini baridi iliyozidi nayo huua. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa mfano, ikigandishwa huharibika, na mtoto anaweza kudungwa dawa isiyomkinga bila yeyote kujua. Kwa hiyo anayesoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika alichokiona, bila kubuni namba ili karatasi ipendeze, anafanya kazi ya tiba ingawa hajavaa koti jeupe.

Nafasi za uangalizi wa juu katika bohari za dawa mara nyingi hutaka taaluma ya ufamasia, na huo ndio ukweli. Hata hivyo, mapokezi, upangaji, usafirishaji na udhibiti wa stoo huendeshwa pia na watu wa ugavi na uhasibu. Mashirika ya misaada nayo huajiri wasaidizi wa ghala kwa mikataba mifupi kila dharura inapozuka, na wengi waliopanda hadi kuongoza maghala yao waliingia kwa mlango huo mdogo. Logistics Cluster, mtandao wa mashirika ya misaada unaoongozwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, umeweka mwongozo wake wa lojistiki kwenye intaneti bila malipo. Sehemu inayohusu maghala inafaa kusomwa yote.


Mtunza Stoo, Tororo

Ninawashukuru kwa moyo wote. Nimeangalia vyeti vyangu na nina alama kuu mbili, kwa hiyo nitaulizia shahada ya wikendi badala ya diploma. Nimeanza pia kulinganisha kadi zangu na mali iliyopo, aina chache kila asubuhi kabla magari hayajaingia, na tayari nimeona kwamba nondo za milimita 10 na za milimita 12 zinachanganywa wakati wa kutoa.

Nina swali moja zaidi. Kutoka hapa hadi Malaba ni karibu, na nimesikia kuwa maghala ya dhamana ya forodha huajiri watu wenye hesabu nzuri. Je, kazi ya huko ni tofauti na hii, na je, mtu akiingia huko anaweza kurudi baadaye kwenye maghala ya kawaida?


Wakala wa Forodha, Malaba

Dada, ni tofauti, na tofauti yenyewe iko katika nani anayekudai. Katika ghala la kawaida unadaiwa mali na tajiri wako. Katika ghala la dhamana, bidhaa zimeingia nchini lakini ushuru wake haujalipwa, na mwenye ghala ameweka dhamana kwa Mamlaka ya Mapato kwamba hakuna kitakachotoka bila kibali. Kikipotea kitu, haitoshi kumlipa mwenye mali. Ushuru na kodi ya kitu hicho vitadaiwa kutoka kwa mwenye ghala, na leseni yake inaweza kuwa hatarini. Ndiyo sababu wenye maghala haya huwatafuta watu ambao hesabu zao hazina shaka, na huwalinda wakishawapata.

Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kwa kawaida bidhaa hukaa ghalani miezi sita, na kwa idhini ya maandishi ya Kamishna zinaweza kuongezewa miezi mitatu. Zisipotolewa baada ya hapo, huenda kwenye mnada. Kwa hiyo mtunza ghala la dhamana hulazimika kuijua tarehe ya kuingia ya kila shehena na kumwonya mwenye mali mapema, na hapo ndipo nimeona wengi wakilegea, kwa kudhani kwamba kukumbuka ni jukumu la mwenye mali peke yake. Kabla ya kufungua kontena, namba ya lakiri, yaani ile sili inayofunga mlango wake, husomwa na kulinganishwa na nyaraka. Ikiwa haifanani, au lakiri imeguswa, hakuna kugusa mlango mpaka afisa wa forodha afike, hata dereva akilalamika namna gani. Kila bidhaa hufuatwa kwa tamko lake la forodha, yaani hati inayoeleza shehena kwa mamlaka. Huwezi kuchanganya mafuta ya kupikia ya shehena moja na ya shehena nyingine kwa sababu tu chapa ni ile ile.

Tangu Himaya Moja ya Forodha, utaratibu wa nchi za jumuiya kushughulikia forodha kwa pamoja, ilipoanza mwaka 2014, bidhaa nyingi hutolewa tamko na kulipiwa kodi kabla hazijaondoka Mombasa, na magari mengi hupita Malaba bila kukawia kama zamani. Zinazoingia kwenye maghala ya dhamana sasa ni zile ambazo mwenye mali amechagua kuahirisha ushuru wake, kwa mfano anauza kidogo kidogo, au zile zinazosubiri kuendelea na safari hadi nchi jirani. Ukitaka kuingia kwa nguvu zaidi, kipo cheti cha Afrika Mashariki cha utendaji wa forodha na uwakala wa mizigo, kinachofundishwa kwa ushirikiano wa mamlaka za mapato na vyama vya mawakala, na kinaheshimiwa katika nchi zote za jumuiya. Kuhusu kurudi kwenye maghala ya kawaida, hutapata shida. Aliyezoea kutunza mali kwa namba ya tamko na lakiri hupokelewa vizuri popote, ijapokuwa atahitaji kujifunza kasi, kwa sababu huku kwetu mzigo hutulia na kule Namanve hautulii.


Mfanyabiashara wa Nafaka, Mbale

Binti yangu, mimi sina shahada, na ghala langu la mahindi na maharage limewalea wengi ambao leo wanaongoza maghala ya wengine. Nimewasikiliza ndugu hawa na sina la kuwapinga, ila nakuomba usilikimbie ghala dogo kabla hujalimaliza. Katika ghala kubwa utapewa mlango mmoja. Hapo ulipo unaona kila kitu, kuanzia mzani hadi madeni.

Katika nafaka, kwa mfano, mali ni kitu chenye uhai na meneja lazima aijue kwa mikono yake. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumu ya aflatoksini, itokanayo na ukungu, isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mkulima akikuletea gunia lililokauka juu na bichi katikati, ukalipokea kwa kuangalia mdomo wa gunia tu, wiki chache baadaye lile moja limepasha joto magunia yanayolizunguka na ukungu umeanza. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti, tulioathirika kidogo ni wale waliokuwa na kumbukumbu za kipimo cha unyevu kwa kila mzigo, tarehe na mahali ulikotoka. Wengine walikuwa na mahindi mazuri tu, lakini hawakuwa na karatasi ya kuonyesha uzuri wake. Na dawa za kufukiza wadudu zisishikwe na mtu asiyefunzwa, kwa sababu gesi ya fosfini inaua mtu kama inavyoua fukusi. Ghala au rundo lililofukizwa hufungwa kwa siku kadhaa, huwekwa alama ya onyo, na halifunguliwi kwa sababu mteja ana haraka.

Kuna pia mfumo wa stakabadhi za ghala, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambapo mkulima huweka nafaka katika ghala lenye leseni na stakabadhi yake inaweza kumpatia mkopo benki. Ghala la namna hiyo haliwezi kuendeshwa na mtu asiyeaminika, maana benki inakopesha kwa kuamini sahihi ya mtunza ghala. Mimi ningependa kuona vijana wetu wa mashariki na kaskazini, ambako nafaka inalimwa, wakiingia kwa wingi kwenye maghala haya kuliko wote kukimbilia Kampala.

Na kuhusu wanaume waliokuzidi umri, waite kaka na baba kama ulivyolelewa, kisha usibadilishe hesabu kwa ajili ya yeyote kati yao.


Meneja wa Ghala, Namanve

Nimefurahi kusoma kwamba umeanza kuhesabu, na hilo la nondo za milimita 10 na 12 ni ugunduzi wa kweli, kwa sababu tofauti ya bei kati yake inaonekana haraka kwenye faida. Usiishie kulitambua. Tenganisha mahali pa kuziwekea, paka kila rundo rangi yake mwishoni mwa nondo, elekeza kwamba anayetoa asome kipimo kwa sauti na anayeandika akirudie, kisha endelea kuhesabu ili uone kama tofauti inapungua. Mwombe tajiri wako mambo mawili kwa adabu: akuandikie barua inayotaja majukumu unayoyabeba hasa, pamoja na kubaki na funguo na kuwasimamia wapagazi asipokuwapo, na akuruhusu kuandaa ripoti ya stoo ya kila mwezi kwa jina lako.

Ukiomba nafasi ya karani wa udhibiti au msimamizi wa mapokezi, hapa kwetu au kwingine, usiandike kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu, kwa kuwa kila barua inasema hivyo. Andika kiwango cha usahihi ulichokikuta ulipoanza kupima, ulichokibadilisha katika utaratibu wa kutoa mzigo, na kiwango kilichopatikana baada ya hapo, na uambatanishe nakala za karatasi zako za kuhesabia, ukiwa umefuta bei na majina ya wateja ambavyo si vyako kuvitoa. Nikiketi upande wa pili wa meza, nitakuuliza kuhusu karatasi hizo mstari kwa mstari, kwa hiyo uje ukiwa unakumbuka kila tofauti ilitokana na nini.